Hoja Iliyoachwa

Kra. Kimya. Kra-kra.

Maren Tolliver alifumbua macho gizani na kwa muda hakujua yuko wapi. Kochi lilikuwa fupi kuliko miguu yake na shingo ilimuuma. Kisha akakumbuka. Alikuwa amelala kwa mteja wake, Verna Stidham, kule milimani, na sauti ile ilikuwa ya Verna jikoni, akikunja trei ya plastiki ili vipande vya barafu vibanduke. Figo za mumewe, mzee Doyle, zilikufa miaka mitatu iliyopita. Maji ya kunywa alikuwa anapimiwa, na kiu ilipomzidi alipewa kipande cha barafu akimumunye.

"Kimoja tu," Verna alinong'ona.

"Viwili. Leo siku ya mahakama."

"Mahakama na koo lako wapi na wapi?"

"Nataka niwaombee, mke wangu. Nitaombaje na ulimi umekauka kama soli ya kiatu?"

"Mungu anasikia hata soli. Mumunya ukae kimya, utamwamsha wakili."

"Wakili kashaamka," Maren akasema kutoka sebuleni. Wote watatu wakacheka kwa kujizuia, maana mjukuu wao Raylee, mtoto wa miaka sita, alikuwa bado usingizini chumba cha pili.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Februari, na barabara ya kwenda makao makuu ya jimbo ilikuwa mwendo wa saa tatu. Maren alijifungia bafuni kukamua maziwa. Mwanawe Silas, wa miezi saba, alikuwa amebaki mjini na baba yake, na maziwa hayakujali kwamba mama yuko safarini kwenda kusimama mbele ya majaji saba. Alipotoka, Verna alikuwa amefunga vimkate vya siagi na soseji ndani ya karatasi.

"Kula, mwanangu. Huwezi kubishana na wazee wale tumbo tupu."

Kesi yenyewe ilianza na gari la viti vinane. Mara tatu kwa wiki Verna alimpeleka Doyle mji wa Harlow kusafishwa damu kwenye mashine, maili arobaini kwenda na arobaini kurudi. Viti vingine vilikuwa vitupu, na bondeni kwao kulikuwa na wagonjwa wengine watatu wa figo. Akaanza kuwapitia. Mmoja alimpa dola ishirini kwa wiki za mafuta, mwingine mayai. Wa tatu, Bi Opal Mullins, mjane wa miaka sabini na moja, hakuwa na cha kutoa, akawa anampigia soga njia nzima. Siku moja barua ikaja. Katika jimbo lile hakuna ruhusa ya kubeba mgonjwa asiye wa familia yako, kwa malipo au bure, bila kibali. Na ili upate kibali lazima uthibitishe kwamba gari lako linahitajika, na kampuni yenye kibali tayari ina haki ya kuja kusema halihitajiki. Kampuni ilikuja na mawakili wawili ikasema hivyo hivyo. Faini ilikuwa dola mia tano kwa kila abiria, kila safari. Basi Verna akabaki kumbeba mumewe tu, na wale watatu wakabaki kulingoja gari la kampuni, lililokuja lilipotaka. Mgonjwa akichelewa, saa nne za mashine zinakuwa mbili. Mmoja wao alishazikwa kabla ya Krismasi.

Njiani, kabla hakujapambazuka vizuri, Verna aliuliza akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Hebu niambie tena lile la siku tisini."

Maren alikuwa anaipitia karatasi yake kwa tochi ya simu. "Sheria inasema ofisi ya vibali ikikaa siku tisini bila kujibu ombi, ombi limekubaliwa lenyewe. Wao walikujibu siku ya tisini na sita."

"Kwa hiyo kibali ninacho tayari."

"Inawezekana. Tumeiandika hoja hiyo. Ukurasa wa mwisho."

"Mbona wa mwisho?"

"Kwa sababu ukishinda kwa hiyo umeshinda wewe peke yako. Sheria yenyewe inabaki. Mtu wa kaunti ya pili akitaka kuanza kama wewe, ataenda kupiga magoti kwa kampuni vile vile. Sisi tunataka mahakama iseme kwamba sheria ya namna hii haiwezi kusimama chini ya katiba."

Verna alipunguza taa za gari kulipisha lori.

"Huyo wa kaunti ya pili," alisema, "si atatafuta wakili wake? Mimi nataka gari langu." Kisha akatabasamu kidogo, kama anayejutia ukali wake. "Lakini wewe ndiye uliyesoma. Wewe ndiye unayejua."

Maren alijua, ndiyo. Alijua kuliko alivyotaka. Jaji Haskell Crume, mzee kuliko wote katika mahakama ile, alikuwa mwalimu wake. Miaka tisa iliyopita, alipomaliza tu sheria, alikuwa karani wake kwa mwaka mzima. Walikula pamoja chakula cha mchana ofisini kwake, mkate na nyama baridi juu ya gazeti, wakibishana mpaka makombo yakakauka.

"Katiba si kabati la vitu ninavyovipenda," Crume alikuwa akisema. "Ni maneno yaliyoandikwa na watu fulani, mwaka fulani, na yalikuwa na maana siku ile. Kazi yangu ni kuitafuta maana hiyo, halafu nikae kimya. Jaji anayeamua zaidi ya alichoulizwa ni mfalme aliyeazima joho."

"Na jaji anayeamua pungufu?"

"Huyo mvivu." Mzee alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Afadhali mvivu, binti. Mvivu hamfungi mtu."

Maren alimpenda yule mzee na hakukubaliana naye. Yeye aliamini kwamba watu wale walioandika walikuwa wanamwogopa mtawala, na jaji anayekaa kimya mbele ya serikali inayonyanyasa haheshimu maneno yao, anayafukia tu. Ndiyo maana alikwenda kufanya kazi kwa Whit Ackerley, kwenye ofisi ya mawakili watetezi wa uhuru wa raia inayoishi kwa michango na isiyomtoza mteja hata senti. Ofisi ile haikuchukua kesi ili ishinde kesi. Ilichagua mteja kama mtu anavyochagua mbegu. Awe mwema, awe maskini, asiwe na doa, na kesi yake iwe inaweza kubadilisha sheria ya jimbo zima. Ackerley alikuwa amemtafuta Verna Stidham kwa miaka kumi na miwili bila kumjua jina.

Wiki moja kabla, walifanya mahakama ya mazoezi ofisini. Wenzake walikaa mezani kama majaji, na Ackerley akajifanya Crume, akikunja sura na kukohoa kama mzee. "Wakili, tukimpa mteja wako kibali kwa zile siku tisini, si yamekwisha?" Maren alisita. Ackerley akavua miwani. "Hapo hapo ndipo atakapokuja, na unamjua kuliko mimi. Hoja ile uliiandika bila idhini yangu, sawa, imekaa. Ila usiiguse kwa mdomo. Ukiigusa, wote saba wataikimbilia kama mlango wa dharura, na sisi turudi nyumbani na gari moja."

Saa nne asubuhi Maren alisimama. Ackerley alikaa pembeni yake mezani. Nyuma, safu ya tatu, Verna alikuwa amevaa koti la kanisani na mkoba magotini.

"Wakili Tolliver," Crume alianza, bila dalili kwamba amewahi kumjua. "Nionyeshe neno. Katiba ya jimbo hili ina miaka zaidi ya mia moja na thelathini. Wapi pameandikwa haki ya kubeba wagonjwa kwa gari?"

"Hapajaandikwa, Mheshimiwa. Hapajaandikwa pia haki ya kuoka mkate, wala ya kunyoa ndevu. Walioandika walisema kila mtu ana haki ya kutafuta usalama wake na furaha yake. Hawakuorodhesha kazi moja moja kwa sababu hawakudhani ipo siku serikali itadai orodha."

Kicheko kidogo kilipita kwenye mabenchi. Hata Crume aligusa mdomo kuficha tabasamu.

"Jibu zuri. Lakini watu hao hao, wino haujakauka, waliwatungia masharti waganga, mawakili, hata wauza pombe. Hawakuona mgongano wowote. Mimi ni nani hata nione wasichokiona wao?"

"Walimtaka mganga aonyeshe ujuzi wake, Mheshimiwa. Hawakumtaka akaombe ruhusa kwa mganga wa jirani."

"Na nikikubaliana nawe? Kesho atakuja mwenye baa, keshokutwa mwenye kiwanda cha sumu, kila mmoja na furaha yake mkononi. Watu saba wenye majoho watakuwa wanaliendesha jimbo. Wananchi wamechagua bunge. Sheria mbaya irudishwe kwa walioitunga."

"Mwenye sumu atashindwa siku hiyo hiyo, kwa sababu serikali ina sababu ya kumzuia. Sisi tunaomba serikali iulizwe tu, kwa nini? Hapa imeulizwa kwa miaka miwili, na jibu lake ni kwamba kampuni moja haitaki mshindani. Na Bi Stidham aende bungeni na nini? Kampuni inao watu wake pale kila siku. Yeye ana mume wa kupeleka Harlow."

Maren alisikia ukumbi umetulia. Jaji mmoja mwanamke upande wa kulia alikuwa ameinama mbele, anaandika haraka. Maneno yalikuja yenyewe, yakakaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu azae alijiona ni yeye yule wa zamani, yule aliyeweza kubishana mpaka makombo yakauke. Akawaza, nitashinda. Akawaza pia, na hili baadaye hakuweza kujidanganya, kwamba wanafunzi wa sheria watakuja kulisoma jina lake.

Hapo Crume alifunua kurasa, taratibu, mpaka mwisho wa kitabu cha hoja.

"Wakili. Ukurasa wa arobaini na tisa. Mnasema ofisi ilichelewa siku sita. Ikiwa ni hivyo, mteja wako ana kibali leo, na hatuna haja ya kuigusa katiba hata kidogo." Alimtazama moja kwa moja. Yalikuwa macho ya mezani kwake, ya mkate na gazeti. "Je, unatuomba tuamue hivyo?"

Maren alielewa kwamba mkono umenyooshwa. Mzee yule, kwa imani yake yote ya kutofanya zaidi ya kinachotakiwa, alikuwa amempatia Verna mlango ulio halali machoni pake, na amemfungulia. Pembeni, kiganja cha Ackerley kililala juu ya meza, bapa, bila kutikisika. Taa ya njano ya kupima muda ikawaka. Dakika moja ilikuwa imebaki.

Hakugeuka kumtazama Verna.

"Hapana, Mheshimiwa. Hatuegemei hoja hiyo. Tunaiomba mahakama iamue swali la katiba."

"Unaiacha?"

"Tunaiacha."

Crume aliweka kalamu chini. Upande wa pili, wakili wa serikali, ambaye alikuwa ameinamia makaratasi yake asubuhi nzima, aliinua kichwa.

Nje, kwenye ngazi, Ackerley alimkumbatia kwa nguvu. "Uliwasha moto mle ndani! Watatu tunao, naapa. Tunahitaji mmoja tu." Akatoka mbio kupiga simu kwa wafadhili. Verna alikuwa amesimama kando, anavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Yule mzee wa katikati," alisema. "Alikuwa anakupa kitu, au mimi ndiye sikuelewa?"

Maren angeweza kumjibu kwa maneno mengi. Alikuwa nayo. "Alikuwa ananipa," alisema.

"Na wewe ukakataa."

"Ndiyo."

Verna alimaliza glavu ya pili. "Basi nilisikia vizuri," alisema, akaenda kuwasha gari.

Hukumu ilitoka mwezi wa Mei. Wanne dhidi ya watatu. Maren aliisoma jikoni kwake huku akimlisha Silas viazi vitamu vilivyopondwa. Crume ndiye aliyeandika kwa niaba ya wanne, kurasa kumi na moja tu. Aliandika kwamba sheria ile huenda ni ya kipumbavu, na kama angekuwa mbunge angeipigia kura ya kuifuta, lakini maneno ya katiba, kama walivyoyaelewa walioyaandika, hayampi jaji ruhusa ya kufuta upumbavu. Kisha aya moja fupi, karibu na mwisho. Kuhusu siku tisini, wakili aliulizwa waziwazi na akaiacha hoja hiyo mbele ya mahakama hii. Hatuwaamulii watu walichokiacha wenyewe.

Maren aliisoma aya ile mara nne. Silas alipiga meza kwa kijiko, viazi vikaruka ukutani.

Simu ikalia. Ackerley. "Umeona maoni ya wale watatu waliopinga? Kurasa thelathini na moja! Kila kitu tulichosema kimo, na kingine hatukukifikiria. Miaka kumi kutoka sasa hiyo ndiyo itakuwa sheria, Maren. Wewe umeipanda."

"Na Verna?"

"Mwandikie barua. Nzuri, ya moyoni. Halafu tuanze kutafuta mwingine."

Maren hakuandika barua. Aliandika ombi la mahakama kuirudia ile aya moja. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja, limekataliwa. Akachukua likizo, akaendesha gari siku nzima, akalala hoteli ya kando ya barabara, na asubuhi ya Jumatano, mwezi wa Juni, akaingia uani kwa akina Stidham wakati Verna anamsaidia Doyle kuvaa kofia. Mzee alikuwa amepungua, shingo inacheza ndani ya kola.

"Nilishasoma gazetini," Verna alisema kabla hajasalimiwa. "Kuna sehemu moja tu sikuielewa."

"Ile ya siku tisini."

"Hiyo."

"Wameandika kwamba mimi niliiacha. Na ni kweli."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

"Ningekwambia, chukua."

"Najua," Maren alisema. "Ndiyo maana sikugeuka."

Doyle alikohoa, akatazama milima. Verna hakupiga kelele. Maren alikuwa ameendesha njia yote akijiandaa kwa kelele, na sasa hakujua mikono yake aiweke wapi.

"Tunaweza kuomba kibali upya," alisema. "Mimi binafsi, siyo ofisi. Fomu ninayo. Nitahesabu kila siku kwa mkono wangu, na wakichelewa hata saa moja sitaacha kitu. Mwaka mmoja. Labda mwaka na nusu."

"Opal hana mwaka na nusu. Wiki iliyopita walimrudisha hajamaliza hata saa mbili. Anavimba miguu mpaka havai viatu."

"Najua si kitu."

"Sijasema si kitu." Verna alinyoosha mkono. "Lete kalamu."

Alisaini juu ya boneti ya gari, kwa herufi kubwa, akibonyeza sana. Kisha akaikunja miwani yake. "Panda, utuone tunavyokwenda. Ulitusemea miaka miwili na hujawahi kuiona njia yenyewe mpaka Harlow."

"Panda tu, wakili," Doyle alisema, akijikokota kuingia kiti cha mbele. "Wewe u mzima. Sheria inamruhusu mke wangu kubeba mtu yeyote duniani, ilimradi hana haja ya kupelekwa."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Raylee, aliyefunga shule wiki ile, alikaa kiti cha nyuma kabisa dirishani. Maren akakaa safu ya kati. Viti vinne vilibaki vitupu, mikanda yake imefungwa vizuri, na kila gari lilipopita kwenye shimo vifungo viligongana.

Kabla ya daraja, barabara inapinda na lazima upunguze mwendo. Pale penye kona, karibu na sanduku la barua, Bi Opal Mullins alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, miguu ndani ya soksi na ndara. Gari la kampuni lilipaswa kufika saa moja. Sasa ilikuwa inakaribia saa tatu. Aliposikia injini aliinua uso, akashika mikono ya kiti kama anayetaka kusimama. Kisha akaliona ni gari gani, akakaa tena.

Doyle alivua kofia. Verna alitazama mbele, lami tu, taya limekaza. Maren alishika fomu iliyosainiwa mapajani kwa mikono yote miwili, na hakuweza kumwambia mwanamke yule simama, wala hakuweza kumwambia usisimame.

Raylee aliweka paji la uso kwenye kioo, akageuza shingo pole pole kadiri kona ilivyokuwa inapita.

"Bi Opal anatuona," alisema.